Nilimwambia Tatizo Ni Mguu Wake

Mwenye kosa ni mimi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua, nikianza kuzunguka nitatafuta mahali pa kujificha, na nimeshajificha vya kutosha.

Mtanitukana. Nitukaneni tu. Hakuna tusi mtakalonipa ambalo sijajipa mwenyewe nikinyoa ndevu mbele ya kioo.

Naishi hapa hapa Arusha. Nafanya kazi ofisini, kwenye kampuni ya kupokea watalii. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari huko juu mlimani, upande wa Poli. Nitamwita Mama Glory, ingawa mtoto wetu hana jina hilo. Yeye ni wa Machame, mimi kwetu ni Kikwe, Mmeru. Wazazi wangu walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, na wala sitanii. Mama yangu akipiga simu alikuwa anaanza kumuuliza yeye, halafu mwishoni ndiyo anasema, "Na huyo mwanangu mzima?"

Sasa, gari. Tulikuwa na kigari kidogo cha dizeli, nilikinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mafuta kilikuwa kinanusa tu. Wenzangu wote wana magari ya petroli, wanalia kila siku kituo cha mafuta, mimi napita na dizeli yangu najiona mjanja wa mji! Tena kilikuwa na turbo, kile kitu kinachosukuma hewa kwenye injini ili gari dogo lipate nguvu ya gari kubwa. Nikajifunza maneno yake yote kwenye simu, kwa kuangalia video. Pale ofisini mtu gari likimgomea anakuja kuniuliza mimi. Basi nikavimba kichwa.

Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa gari lilikuwa la mke wangu. Anapakia walimu wenzake pale njiani, wanapanda mlima. Mimi nalichukua Jumamosi, niko peke yangu, naenda Njiro, narudi, barabara tambarare. Mtu mwenye akili angeona tangu hapo kwamba tulikuwa tunaendesha magari mawili tofauti. Mimi sikuona.

Siku ya kwanza alinieleza akiwa anavua viatu mlangoni.

"Baba Glory, gari linasita."

"Linasita vipi?"

"Nikikanyaga mafuta linakaa kwanza. Kama mtu umemwita, halafu anafikiria kama akuitikie au asikuitikie. Halafu ghafla linaruka."

Jamani! Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujipiga makofi. Hakuna fundi angeeleza vizuri zaidi ya hapo. Lakini mimi nilicheka.

"Hiyo ndiyo turbo, mama. Turbo inataka muda ijae. Dizeli siyo petroli."

Baada ya muda akarudi tena na jambo lile lile. Safari hii alisema wakiwa kwenye kona ya kupanda kuelekea shuleni, gari lilikata nguvu kabisa, moshi mweusi ukatoka nyuma, walimu wakashuka wakatembea kwa miguu. Akalizima, akaliwasha, likapanda kama halikuwa na shida. Akasema pia kuna mlio, kama mtu anapuliza hewa katikati ya meno.

"Mlio uko wapi?"

"Mbele. Nikikanyaga sana ndiyo unasikika. Nikiachia unapotea."

Jumamosi nikalichukua. Peke yangu. Nikaenda nalo mpaka Njiro, nikakanyaga, likavuta vizuri tu. Nikarudi nyumbani na ushindi mkononi. "Umeona? Halina kitu."

"Umelipandisha mlimani?"

"Gari zima ni zima popote."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namjibu. Siyo kwa ukali. Kwa kucheka. Nadhani kucheka kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu mtu akikufokea unaweza kumfokea na wewe.

Halafu taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzima. Hapo sikuwa na ujanja, nikalipeleka kwa fundi mmoja mtaa wa Daraja Mbili. Akachomeka mashine yake, ikasoma kwamba upepo wa turbo uko chini kuliko unavyotakiwa.

"Turbo imekufa?" nikamuuliza.

"Bado siwezi kusema. Inaweza kuwa turbo. Inaweza kuwa mpira wa upepo umetoboka. Inaweza kuwa sensa tu inadanganya. Mashine inakuambia upepo haufiki, haikuambii unapotelea wapi. Niachie gari, na yule anayelipandisha mlimani aje. Tupakie watu, injini ikiwa ya moto, tupande nalo. Hapa limesimama, limepoa, kila mpira utauona mzima."

Sikutaka kuliacha. Mchana ule kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yangu kabla ya harusi, na nilikuwa nimeahidi kuwemo kwenye msafara na gari langu, limepambwa maua. Hiyo ndiyo ilikuwa haraka yangu. Maua!

Nikamwambia, "Anayelalamika ni mke wangu. Si unawajua wanawake na magari, bwana."

Fundi alitabasamu kidogo, kile kitabasamu cha kumridhisha mteja. "Sasa nifanye nini, nizime taa tu?"

"Zima."

Akaizima. Akasema itarudi, na ikirudi nilipeleke. Nikaondoka.

Jioni ile mke wangu aliniuliza kabla hata sijakaa. "Fundi kasemaje?"

Ndugu yangu unayesoma, hapa ndipo penyewe. Ningeweza kusema, "Kasema hajui, tulirudishe." Ningeweza kusema, "Sijamwachia, nilikuwa na haraka." Mdomo wangu ukafunguka nikasema hivi:

"Kasema gari ni zima kabisa. Kasema tatizo ni mguu wako. Unakanyaga mafuta kama mtu anayeogopa kuua mende."

Hata sijui yale maneno ya mende niliyatoa wapi. Yalikuja tu, na niliyaona matamu.

Yeye aliuangalia mguu wake wa kulia. Akauangalia kweli, kama vile umeletwa mbele yake ukiwa na mashtaka.

"Kasema hivyo kweli?"

"Kasema."

"Basi," akasema, akacheka kidogo kwa aibu. "Kumbe ni mimi."

Tangu siku ile hakulalamika tena. Nilisikia akiwaambia walimu wenzake mbele yangu, "Nivumilieni, mguu wangu mzito, fundi mwenyewe kathibitisha." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Ikafika siku ya mtoto wa dada yangu mkubwa kupata ubarikio kanisani, yaani kipaimara. Nitamwita Dada Ndeshi. Dada ameolewa huko juu, ng'ambo ya barabara kuu ya Moshi, na sherehe ilikuwa kwake. Mimi na Baba tulitangulia asubuhi na pikapu ya shemeji, kusimamisha turubai na kupanga viti. Mama Glory alikuwa amelala Kikwe akimsaidia Mama kupika. Yeye ndiye alitakiwa amlete Mama pamoja na mizigo yote: mikungu ya ndizi, masufuria makubwa, kreti za soda. Kwenye kigari kile kidogo.

Akanipigia simu.

"Baba Glory, mzigo ni mwingi na gari tangu asubuhi limekuwa zito. Naomba shemeji ageuze na pikapu atufuate."

Nilikuwa nimesimama na wanaume wenzangu, nimeshika kamba ya turubai. Wote walisikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Nikaona nikikubali nitaonekana mtu anayeendeshwa na mke wake.

"Mama Glory, wageni wameshafika hapa! Kanyaga tu mafuta uje!"

Wanaume wakacheka. Yeye akasema, "Haya." Akakata.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayajua kwa alivyoyaeleza yeye, na kwa alivyoyaeleza dereva wa lori, na maelezo yao yanafanana neno kwa neno.

Barabara ya vumbi ya kutoka Kikwe inapanda kidogo kabla ya kuingia lami. Alisimama pale. Akaangalia kulia, kweupe. Akaangalia kushoto, akaona lori linatokea upande wa Arusha, liko mbali. Dereva wa lori mwenyewe alisema, "Nilimwona, nikajua atavuka tu, nafasi ilikuwepo." Akaachia klachi, akakanyaga mafuta avuke kwenda ng'ambo. Gari likapanda kwenye lami, na lilipofika katikati ya barabara likakaa. Halikuzima. Likawa linajikokota kama limefungwa kamba nyuma. Alikanyaga. Halikuitika.

Mama alikuwa kiti cha mbele, kushoto, amepakata keki ya mjukuu wake. Mama Glory anasema Mama hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mwanangu, twende."

Lori lilifunga breki, halikuweza kusimama. Liligonga upande wa kushoto.

Nilishuka kule mlimani kwa bodaboda, sijui hata nilimlipa yule kijana au sikumlipa. Nilipofika walikuwa wameshamlaza Mama pembeni, wamemfunika kitenge chake mwenyewe. Ee Mungu wangu! Mama yangu! Kitenge kile alikinunua kwa ajili ya siku ile.

Mke wangu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mkono umevunjika, kiatu kimoja hakipo. Aliponiona hakulia. Alisema:

"Mguu wangu, Baba Glory. Mguu wangu."

Pale pale ndipo nilipopaswa kusema. Neno moja tu, "Siyo mguu wako." Nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza. Nikamkumbatia, na watu waliotuzunguka wakalia kwa kuona mume anavyomkumbatia mke aliyemuulia mama yake.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye uwanja wa polisi kuchukua vitu vilivyobaki ndani ya gari. Upande wa kushoto ulikuwa umeingia ndani wote, lakini mbele hapakuguswa. Boneti ilifunguka kwa urahisi tu, kama kawaida. Nikainama.

Kuna mpira mnene unaopeleka upepo kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Juu ulikuwa mzima. Nikaupapasa kwa chini, karibu na pale unapofungwa na chuma, vidole vyangu vikarudi na mafuta meusi. Nikaubinya. Ukafunguka. Mpasuko mrefu kama kiganja. Ukiuachia, unajifunga, huoni kitu. Ukiubinya, unafungua mdomo. Ndiyo maana mimi peke yangu, barabara tambarare, mguu mwepesi, sikuona lolote. Yeye na walimu wake, mlima, injini inaunguza, upepo unasukuma kwa nguvu, mdomo unafunguka. Kila kitu alichoniambia kilikuwa pale. Kusita. Moshi. Ule mlio wa kupuliza hewa katikati ya meno.

Askari mmoja alikuwa amesimama upande wa pili, anaongea na simu. Nilichofanya ni hiki: nikaugeuza ule mpira kidogo, mpasuko ukaangalia chini kabisa. Nikafunga boneti. Nikafuta vidole kwenye suruali yangu ya msiba.

Mkaguzi wa magari alikuwa ameshaandika ya kwake: breki nzima, usukani mzima, matairi mazima. Hakuna aliyemwambia aangalie turbo. Aliyekuwa anajua aangalie wapi alikuwa mimi.

Mke wangu alishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe. Alipoulizwa alikubali kosa. Hakimu akamuuliza kama ana la kujitetea, akasema, "Sina. Niliambiwa mapema kwamba mguu wangu ni mzito, sikusikia." Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, natazama sakafu. Akapigwa faini, leseni ikafungiwa. Tukatoka nje, nikamfungulia mwavuli kwa sababu kulikuwa na manyunyu.

Haya niambieni, huyo ni mtu gani?

Kwa upande wa ndugu zangu ilikuwa mbaya zaidi ya mahakama. Siku ya kuzika, Mama Glory alikwenda na mkono wake uliofungwa plasta achukue udongo kidogo atupie kaburini. Dada Ndeshi akasimama katikati yake na kaburi. Mke wangu akarudi nyuma. Siku nyingine, mimi nikiwa nimeshatoka kule uwanja wa polisi, alikwenda mbele ya Baba, migombani, akapiga magoti. Baba akageuza uso pembeni. Alimwacha pale amepiga magoti mpaka nilipokwenda kumwinua mimi.

Mimi! Watu wakasema, angalieni mwanaume mwenye moyo. Mzee wa kanisa alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Mwanangu, wewe umesamehe mahali ambapo wengi wangeshindwa." Nikamwambia asante, mzee. Nilimwambia asante!

Tukarudi mjini tukaanza kuishi. Naita kuishi. Mama Glory aliacha kuimba jikoni. Alikuwa anakwenda shule kwa usafiri wa abiria, anarudi, anapika, hataki kukaa kiti cha mbele kwenye gari la mtu yeyote. Sikukuu hakwenda tena Kikwe, alinifungia zawadi za Baba nikapeleka mwenyewe, na Baba alikuwa akiziweka pembeni bila kuzifungua.

Mchana mmoja niliingia nikamkuta sebuleni anachambua maharage kwenye ungo. Mikono inachambua, macho yako ukutani. Chini, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Unakanyaga, unaachia. Unakanyaga, unaachia. Kwa nguvu. Alikuwa anaupima. Alikuwa anautafutia uzito ambao mimi ndiye niliyeutunga.

Nilirudi nje, nikafunga mlango taratibu asinisikie.

Kuanzia hapo sikuwa na amani hata ya kuazima. Sikuwemo ndani ya lile gari, lakini namsikia Mama akisema "Mwanangu, twende", tena kwa sauti yake ile ya kutoharakisha mtu. Naisikia ofisini. Naisikia kanisani watu wakiwa wamesimama kuimba. Lori likipita linapiga breki nasimama njiani mpaka lipotee. Na ule mpira, wallahi, na mimi ni Mkristo lakini nasema wallahi, nauona unafungua mdomo na kufunga, kama unataka kusema, na mimi nauziba. Nililiuza gari kama chakavu haraka haraka, nikidhani litaondoka nao. Halikuondoka nao.

Halafu siku moja, Jumapili baada ya ibada, Mama Glory akavaa viatu tena badala ya kuvua.

"Nipeleke kwa yule fundi wa Daraja Mbili."

"Wa nini tena?"

"Nataka kumuuliza. Yeye aliujuaje mguu wangu wakati hajawahi kuniona naendesha? Aliona nini kwenye gari akajua ni mimi? Nimefikiria sana hilo, Baba Glory. Nataka anieleze ili nielewe, halafu niachane nalo."

Tazameni. Hakuwa ananitega. Uso wake ulikuwa mweupe hauna hila, uso wa mwalimu anayetafuta jibu la hesabu. Kwa muda wote ule alikuwa amebeba swali ambalo mimi nilimtengenezea, na hakuwahi hata siku moja kudhani kwamba mume wake amemdanganya.

Nataka kusema nilitubu kwa sababu ya dhamiri. Ukweli ni kwamba nilibanwa. Angekwenda kwa fundi, angejua. Hata toba yangu ilikuwa ya uoga.

Nikamwambia, "Kaa."

"Nikae nini, tutamkosa fundi."

"Kaa, Mama Glory. Fundi hakusema."

Nikamweleza yote. Maua ya sendofu. Taa iliyozimwa. Maneno ya mende. Mpira, mpasuko, vidole nilivyofuta kwenye suruali. Nilieleza nikiwa natazama meza, na nilipomaliza sikuwa na ujasiri wa kuinua macho.

Kuku wa jirani alikuwa amepanda dirishani, akaruka akaenda zake. Halafu mke wangu akaniuliza kwa sauti ndogo sana:

"Kwa hiyo nilikuwa nimekanyaga?"

"Ulikuwa umekanyaga."

"Mpaka mwisho?"

"Hilo unalijua wewe."

Akafumba macho. Mguu wake ukasogea mbele kidogo kwenye zulia, ukasimama. "Mpaka mwisho," akasema. "Nilikanyaga mpaka mwisho. Nilikanyaga mpaka kisigino kikainuka." Ndipo akalia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia vile. Nilinyoosha mkono nimguse bega, akausogeza pembeni taratibu, kama unavyosogeza kikombe cha mtu mwingine.

Alikwenda kwa kaka yake anayekaa Kijenge, yeye na mtoto. Hakunitukana. Mlangoni aliniambia tu, "Nilipiga magoti kwa Baba, na wewe ukaja kuniinua." Basi. Hilo tu.

Kesho yake nilikwenda Kikwe. Nikamwomba Dada Ndeshi ashuke naye awepo. Tulikaa nje, Baba kwenye kiti chake, Dada kwenye ngazi. Nikasema. Dada alianza kupiga yowe katikati ya maneno yangu, akanirushia kandambili, akaniambia nikafie mbali. Baba hakunifokea. Alikuwa ananisikiliza huku anasugua magoti yake. Nilipomaliza aliuliza jambo moja:

"Siku ile ya migombani, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Baba. Nilikuwa nimeshauona mpira."

"Na ukaniacha nimgeuzie uso mtoto wa watu."

Nikasema ndiyo. Baba akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. "Nipeleke kwake."

Tulikwenda Kijenge. Mama Glory alitoka akasimama kizingitini, akamwamkia kama kawaida yake, "Shikamoo, Baba," huku amekunja magoti. Baba hakuitikia marahaba. Aliweka fimbo yake chini, akashika ukuta, akaanza kujishusha, yule mzee ambaye hata kanisani anaruhusiwa kuomba akiwa ameketi. Mke wangu alikimbia akamdaka kabla goti halijafika chini. "Usifanye hivyo, Baba! Usinifanyie hivyo!" Wakabaki wameshikana pale mlangoni. Baba alikuwa anasema Kimeru, na mke wangu, Mchaga, alikuwa anaitikia kila neno.

Mimi nilikuwa getini. Hakuna aliyeniita ndani, na ilikuwa sawa.

Siku hizi Baba akija mjini anafikia Kijenge, siyo kwangu. Dada Ndeshi alipeleka mbuzi na akaomba radhi, wakapatana, ingawa nasikia bado wanaongea kwa kuangaliana pembeni. Mwisho wa juma mtoto anakuja kwangu. Mama Glory nakutana naye kwa mambo ya shule, ananiita Baba Glory kama zamani. Niliwahi kumwomba arudi. Akasema hana chuki na mimi, ila kila nikimwambia kitu, hata kama ni "mvua itanyesha", anajikuta anatoka nje kuangalia mwenyewe. "Sitaki kuishi hivyo," akasema. "Nitachoka."

Nilikwenda polisi pia. Nikaeleza. Waliniuliza gari liko wapi. Nikawaambia niliuza chakavu, limeshakatwa vipande. Wakaniuliza mpira uko wapi. Yule fundi anakumbuka kuzima taa, lakini mpasuko hakuuona. Aliyeuona ni mimi peke yangu, na neno langu mimi sasa lina thamani gani? Wakanishauri nitafute wakili. Natafuta. Lakini ile hukumu mpaka leo iko vile vile.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwanaume mwenzangu, na wewe mwanamke pia, maana ukaidi hauchagui. Mtu wa nyumbani kwako akikuambia kuna kitu hakiendi sawa, gari, mguu, mtoto, kifua, usikimbilie kumcheka. Mwambie, "Hebu nionyeshe." Nenda naye mpaka pale pale anapokiona yeye, siyo pale panapokufaa wewe. Na kama umeshadanganya, kimbia ukaseme leo, kabla mtu hajaanza kuuamini uongo wako kuliko anavyouamini mwili wake. Mimi nilichelewa. Hakuna kitu ninachoweza kumrudishia.

Naomba jina langu lisitoke. Najua nilivyo mwoga. Yeye siku ile mahakamani walimsomea majina yake yote matatu kwa sauti, mlango ukiwa wazi, watu wanapita, na kila lilipotajwa moja aliitika, "Ndiye mimi."